Jinsi ya kupanga nyumba yenye watu wengi na ikabaki imepangwa: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila nikikaa na mama wenzangu hapa Walukuba, Jinja, Uganda, lalamiko ni lilelile. Jumamosi nyumba imepangwa vizuri kabisa, Jumatano asubuhi watu wanatafuta kiatu kimoja cha shule chini ya kochi na boda anapiga honi nje, basi Jumamosi inayofuata mama anaanza upya kutoka mwanzo, mgongo unamuuma, na wiki inaenda vilevile. Wengi wanakwama mahali pamoja: wanasafisha na kuficha vitu, lakini hakuna kitu kilichopewa mahali pake ambapo hata mtoto wa P.1 (darasa la kwanza) anapajua na mkono wake unapafikia bila kuita mama.

Nimeandika nikiwaza nyumba zetu za kawaida, muzigo (nyumba ndogo ya kukodi) wa chumba na sebule au vyumba viwili vitatu, watoto wanne watano, labda na mpwa aliyetoka kijijini kuja kusoma, dada wa kazi yupo au hayupo. Wenye nyumba kubwa hatua ni hizihizi.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Magunia matatu matupu, hata ya posho (unga wa mahindi)
- Ubao mmoja wa urefu wa mita moja na nusu hivi, kulabu za kufunga na skrubu (zile zenye ncha ya mviringo), na misumari ya inchi 3
- Beseni au kikapu kimoja kwa kila mtoto
- Faili moja ya plastiki yenye mifuko mingi ndani, au bahasha kubwa nane na mfuko mzito wa plastiki wa kuzitia
- Ndoo mbili tatu zenye mfuniko unaobana
- Maka peni, selotepu na daftari dogo
- Kamba ya nailoni na vibanio vya nguo

Kabati na rafu usinunue sasa. Mtu akinunua kabati kabla hajatoa vya ziada anajaza kabati takataka, na pesa imeenda. Ukimaliza hatua ya 2 ndo utajua unahitaji nini, na mara nyingi utakuta ni kidogo sana.

Kazi yote itakula wikendi mbili. Usijaribu kuimaliza siku moja, manake saa kumi jioni utakuwa umechoka, kila kitu kiko sakafuni, na watoto wana njaa.

## Hatua ya 1: Zunguka nyumba usiku bila kugusa kitu

Chagua siku ya shule, saa mbili usiku, watu wamekula. Chukua daftari uzunguke nyumba yote uandike kila mahali penye lundo. Mabegi kwenye kochi. Viatu mlangoni. Karatasi za shule juu ya tivii. Nguo kwenye kiti, zile ambazo si chafu na si safi. Vikombe karibu na jerikani la maji. Usipange kitu, andika tu.

Sababu ni kwamba lundo linaonyesha pale mtu anapofika na kuchoka na kitu alichobeba. Begi liko kwenye kochi kwa sababu kochi ndo kitu cha kwanza mtoto anakutana nacho akiingia. Sasa wewe ukisema mabegi yote yakae chumba cha ndani nyuma ya kitanda, utapiga kelele kila siku na utashindwa kila siku. Weka mahali pa begi palepale lundo lilipo, au hatua mbili tu kutoka hapo. Hii ndo nguzo ya mwongozo wote, ukiishika hii hata hatua nyingine ukiziruka bado utaona tofauti.

Umefaulu ukiwa na orodha ya malundo kama sita au saba, kila moja na jina la kitu na nani hukiacha hapo.

## Hatua ya 2: Toa vya ziada, lundo moja moja

Shika lundo moja tu. Gunia la kwanza ni la vitu vya kupeleka sehemu nyingine ndani ya nyumba, la pili vya kumpa mtu, la tatu vya kutupa. Maliza lundo hilo mpaka sakafu ionekane, ndo uende kwa lingine. Ukifungua nyumba nzima kwa pamoja hutaweza kuifunga.

Nguo za watoto ndo huleta shida zaidi. Tunaweka kila kitu tukisema mdogo atavaa, lakini mdogo ana mwaka mmoja na hiyo gauni ni ya miaka tisa. Bakiza zile ambazo mtoto anayefuata atazivaa ndani ya mwaka mmoja, uzikunje kwenye gunia moja, uandike umri kwa maka. Nyingine toa. Kuna mtu kwenye laini yenu ya nyumba anazihitaji leo.

Vyombo pia. Watu saba hawahitaji vikombe ishirini na tano kila siku. Vikombe vikiwa vingi nje kila mtu anachukua kipya akinywa maji, na jioni karai limejaa. Acha nje kimoja kwa kila mtu na vitatu vya wageni, vingine funga kwenye boksi ulihifadhi juu.

Angalieni hapa:

- Usitupe kitu cha mtu mzima mwenzako bila kumuuliza. Vyuma vya baba vya kutengenezea baiskeli, vitambaa vya jaja (bibi), hivyo si vyako. Ukitupa mara moja watu wataficha vitu na kupanga kwenu kumekwisha.
- Betri za redio na za simu zilizokufa msizitie kwenye moto wa takataka nyuma ya nyumba, zinaweza kulipuka. Kaveera (mifuko ya plastiki) na plastiki nyingine nazo msichome, ule moshi ni sumu.
- Gunia la kutoa liondoke nyumbani siku hiyohiyo. Likilala usiku mmoja, watoto wanalifungua na nusu inarudi.

Utajua umefika ukiweza kufagia chini ya kitanda mpaka ukutani bila kusogeza kitu zaidi ya kimoja.

## Hatua ya 3: Mlango

Nyumba nyingi huharibikia mlangoni, kwa hiyo hapa msiharakishe.

Pigilia ubao ukutani karibu na mlango ndani, kwa urefu ambao mtoto mdogo anayesoma anaufikia bila kupanda stuli. Funga kulabu, kila mtu na yake. Juu ya kila kulabu andika jina, na kwa ambaye hajajua kusoma chora kitu anachopenda, samaki au gari au ua. Kulabu moja hubeba begi, sweta na kofia yake, basi. Usiongeze ya pili ati kwa dharura, hiyo ya pili hubeba vitu visivyo na mwenyewe.

Kama nyumba ni ya kukodi, mwulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta. Angalia pia waya za umeme zinapitia wapi, usipigilie juu au chini ya swichi na soketi kwa mstari ulionyooka kwa sababu mara nyingi waya unapita hapohapo. Na misumari mitupu iliyochomoza usiitumie kabisa kwenye urefu wa macho ya mtoto, ndo maana nimesema kulabu za mviringo.

Chini ya ubao weka mahali pa viatu. Ubao wa pili juu ya matofali mawili unatosha. Kuanzia Machi mpaka Mei, na tena Septemba mpaka Novemba mvua ikirudi, weka gunia kuukuu nje ya mlango la kupangusia tope, na viatu vyenye tope vikae verandani kwenye beseni la zamani mpaka vikauke. Tope likishaingia sebuleni hakuna mpangilio utakaokuokoa siku hiyo.

Funguo ziwe na kulabu yao juu, urefu wa mtu mzima. Hapohapo juu bandika karatasi yenye namba ya mita ya Yaka (umeme wa kulipia kabla), zile tarakimu 11, kwa maka kubwa. Umeme ukiisha saa tatu usiku na wewe uko safarini, yeyote nyumbani aweze kununua yunitsi kwa simu bila kukupigia kukuuliza namba.

Ukitaka kujua hatua hii imekaa, angalia siku tatu mfululizo: mtoto anaingia, begi linaenda kwenye kulabu, viatu chini, na hukusema neno.

## Hatua ya 4: Asubuhi ya shule ipangwe jioni

Kila mtoto apewe beseni au kikapu chake. Jioni, kabla hajalala, ndani ya kikapu kunaingia nguo zote za kesho: shati, kaptula au gauni, sweta, chupi, soksi mbili zinazofanana. Soksi naisisitiza kwa sababu ndo inayochelewesha watu. Zikitoka kwenye kamba zifungwe pamoja papo hapo, moja ndani ya nyingine, zisiingie ndani zikiwa zimetengana.

Mpangilio wa jioni uwe uleule kila siku, na uwe kwa mfuatano huu:

1. Homuweki, na daftari au dayari isainiwe usiku huo. Asubuhi hakuna kusaini kitu.
2. Begi linafungwa na kurudi kwenye kulabu.
3. Viatu vinapigwa rangi na kuwekwa chini ya kulabu.
4. Kikapu cha nguo kinajazwa na mtoto mwenyewe, mkubwa anaangalia tu.

Mtoto wa miaka sita anaweza kujaza kikapu chake. Wiki ya kwanza atasahau chupi, wiki ya pili atasahau mkanda, usimnyang'anye kazi. Ukimfanyia ili umalize haraka utafanya hivyo mpaka afike S.1 (mwaka wa kwanza wa sekondari).

Kuhusu pasi. Nguo zilizoanikwa nje, hasa zikiwa bado na unyevu au zimetandazwa juu ya majani, nzi wa maembe hutaga mayai ndani yake, na funza wake huingia kwenye ngozi wakatoka kama jipu. Kwa hiyo anikeni kwenye kamba na si kwenye majani, na pigeni pasi ya moto pande zote, chupi, shuka na nepi za mtoto pia, kwenye mishono hasa. Kwa mama mwenye kazi nyingi dawa ni kupiga pasi mara mbili kwa wiki, Jumapili na Jumatano jioni. Ukipiga kila asubuhi umeme ukikatika umekwisha.

Vitu vya kuanzia muhula, rimu ya karatasi, fagio, tishu za chooni na vingine ambavyo shule huandika kwenye karatasi ya rikwaiamenti, vinunueni kidogo kidogo wakati wa likizo na kuviweka kwenye boksi moja lenye ile karatasi imebandikwa juu, mkikata kila kitu kilichonunuliwa. Kila mtu anajua bei hupanda wiki ya kwanza ya Februari. Kwa wa bodingi andika jina kwenye kila kitu, beseni, jerikani, shuka, godoro, hata mfuniko wa jerikani.

## Hatua ya 5: Karatasi zote ndani ya faili moja

Banange, karatasi! Mtu anahitaji cheti cha kuzaliwa cha mtoto na hajui kama kiko ndani ya Biblia, chini ya godoro, au kilibaki kwa shangazi. Kaeni siku moja mchana, kusanyeni karatasi zote mezani, mpange hivi ndani ya faili:

- Mfuko wa kwanza: vyeti vya kuzaliwa, na karatasi yenye NIN (namba ya kitambulisho cha taifa) ya kila mtu mliyoiandika kwa mkono. NIN ina herufi na namba 14 jumla, hesabuni moja moja kabla ya kuamini mmeandika sawa.
- Mfuko wa pili: kadi za chanjo na vile vitabu vya matibabu mnavyoandikiwa kliniki. Kadi ya chanjo hainaga mwisho haraka, inaanza na BCG (ya kifua kikuu) ya siku ya kuzaliwa, inapita ya surua ya miezi 9, na msichana akifika miaka 10 kuna ya HPV (ya saratani ya mlango wa kizazi).
- Mfuko wa tatu: ripoti za shule, za PLE (mtihani wa mwisho wa msingi) na UCE (wa kidato cha nne) kwa waliofika huko, na ile namba ya kulipia ada ya kila mtoto.
- Mfuko wa nne: risiti za ada za mwaka huu. Zifungwe kwa pini kwa kila mtoto. Shule ikisema hujamaliza kulipa, unatoa risiti na mazungumzo yanaisha.
- Mfuko wa tano: makubaliano ya nyumba au karatasi ya kibanja (kipande cha ardhi) yenye muhuri wa LC1 (uongozi wa kijiji).
- Mfuko wa sita: kadi ya pikipiki au gari, karatasi za benki na za saako (chama cha akiba na mikopo).
- Mfuko wa saba: picha ndogo za pasipoti, angalau nne za kila mtu.

Faili likae juu, mahali pakavu, si sakafuni na si chini ya kitanda. Mchwa hupenda karatasi, na wale wanaokaa bondeni wanajua maji ya mafuriko huanza kuingia sakafuni. Piga picha kila karatasi kwa simu uzitume kwa ndugu mmoja unayemwamini kabisa, ili simu ikiibwa na faili likiungua bado kuna nakala. Kitambulisho cha taifa nacho angalia tarehe ya kuisha iliyoandikwa juu yake, kinadumu miaka 10, andika mwaka huo kwa maka ndani ya jalada la faili.

Karatasi ikitoka kwenye faili, anayeitoa aandike kwenye daftari: nini, nani, lini. Jaribu faili lako hivi: mwambie mtu mwingine wa nyumbani, si wewe, atoe kadi ya chanjo ya kitinda mimba. Akiipata kabla chai haijapoa, mko sawa.

## Hatua ya 6: Jikoni

Panga kwa kazi, si kwa sura. Majani ya chai, sukari, kijiko, flaski na vikombe vikae pamoja, kwa sababu hutumika pamoja. Posho na maharage kwenye ndoo zenye mfuniko, juu ya ubao au tofali, manake unga ukikaa sakafuni unavuta unyevu na panya. Mukene (dagaa) kwenye chombo kinachobana. Karanga zikiota ukungu tupa zote, usichambue, ule ukungu unaweza kuwa na sumu ambayo kupika hakuitoi.

Jerikani la lita 20 lililojaa lina uzito wa kilo 20, kwa hiyo lisikae juu ya kitu chochote, likae chini. La maji ya kunywa lifungwe utepe wa rangi na liwe na kikombe chake cha kuchotea, watu wasichanganye na la kuoshea.

Mambo manne ya hatari:

- Sigiri (jiko la makaa) yenye moto isiingizwe chumbani, hata makaa yakionekana yamekaribia kuzima, hata kuwe na baridi namna gani. Hewa ya makaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.
- Mafuta ya taa na Jik (dawa ya kung'arisha nguo) visitiwe kwenye chupa za soda. Mtoto anaona soda.
- Jik usichanganye na siki, na dawa ya kuoshea choo, wala na amonia. Inatoa gesi inayochoma mapafu.
- Dawa za binadamu na za panya zikae juu kabisa na kwa kabati tofauti.

## Hatua ya 7: Nguo chafu

Hii ni fupi. Kikapu kimoja cha nguo chafu pale watu wanapovulia, si pale unapofulia. Zile nguo za kwenye kiti, ambazo zimevaliwa mara moja, zipe kulabu tatu nyuma ya mlango wa chumba, zikijaa zote lazima nguo moja iende kufuliwa. Nguo za kuvaa na yunifomu zifuliwe Jumatano na Jumamosi, shuka kila wiki mbili.

## Hatua ya 8: Robo saa ya kila usiku

Bila hatua hii yote ya juu yataharibika mwezi mmoja. Baada ya kula, kabla ya tivii au kulala, watu wote wanasimama, na kila mmoja anarudisha vitu vya eneo lake kwa dakika kumi na tano. Weka alamu ya simu. Ikilia mnaacha, hata kama hamjamaliza, kwa sababu watoto wakijua kazi ina mwisho hawakimbii.

Gawa maeneo na si kazi ndogo ndogo. Mmoja ana mlango na viatu, mmoja sebule, mmoja vyombo, mmoja maji na jiko. Andika karatasi ubandike, zamu zibadilike kila Jumapili. Wavulana waoshe vyombo na wasichana wabebe maji vilevile. Baba naye ana eneo, nasema hivi bila kuzunguka, watoto wakimwona anaokota viatu vyake hakuna atakayebishana tena. Dada wa kazi msimwachie yote ati analipwa, yeye siku akienda kwao Krismasi nyumba isianguke.

Mgeni au ndugu anayekuja kukaa apewe kulabu, beseni na eneo siku ya kwanza. Si kumtesa, ni kumwonyesha ni wa nyumbani.

## Ikiharibika tena

Itaharibika, kutakuwa na msiba, mtoto ataugua, muhula utaanza. Usirudi kwenye Jumamosi ya kusafisha kila kitu. Rudia hatua ya 1, zunguka usiku na daftari, uangalie lundo jipya liko wapi. Lundo likirudi palepale kila mara, mahali pa kitu hicho ni mbali au ni juu mno, kisogeze. Anza na mlango, siku ya pili kikapu cha nguo za shule, siku ya tatu vyombo. Faili la karatasi liguswe mwisho, muhula ukifungwa na ripoti zikija.